Brosi tatu na muntu wa kushika ngazi

Nilipokuwa kijana, kule Kingi, siku moja tulibeba muke wa baba yangu mudogo mu kipoyi mupaka hospitali, Masisi santre. Kwa wale wenye hawakubebaka kipoyi: ni kitanda ya miti na kamba, mugonjwa analala juu, watu wanne wanaingia chini na mabega. Kuielewa haiko nguvu. Nguvu iko kuibeba mu utelezi, na Masisi utelezi haikosekani.

Wawili wa mbele wanaona njia. Wawili wa nyuma hawaoni kitu, sababu kitanda iko mbele ya uso wao. Wanaona tu visigino vya wenzao. Kwa hiyo wa mbele njo wanatoaka sauti. "Jiwe, kuume." Wa nyuma wanajibu, "Jiwe." "Maji." "Maji." "Tunashuka." "Tunashuka." Hivyo hivyo mupaka kufika. Mimi waliniweka nyuma, ju ya kijana haiko yeye anachaguaka njia.

Ule mama alikuwa mugonjwa lakini mudomo yake ilikuwa muzima. Alikuwa anatutukana toka juu. "Muko munanitikisa sawa maharagi mu lungo ya kupepetea. Mimi niko bado na maganda ndani?" Tukacheka, na ukicheka chini ya kipoyi mabega inalegea. Kisha wa mbele yangu, jirani yetu mumoja mwenye alipendaka kasiksi, ile pombe ya ndizi, aliona shimo akanyamaza. Alisema kisha eti aliwaza nitaona mwenyewe. Niliona nini mie? Niliangukia goti, kitanda ikainama, mugonjwa akashika kamba akalia mama yake mwenye alikufa zamani. Baba mudogo hakumupiga ule jirani. Alimwambia tu, "Yenye unaona, sema. Yenye unawaza, baki nayo." Tukaendelea. Lile goti mupaka leo linajua mvua mbele yangu.

Ku hospitali nilikuwa na jasho, nikaegemea uso ku kitu fulani baridi, nikafunga macho. Ilikuwa kioo. Kwetu dirisha ilikuwaka ya mbao, unafungua ao unafunga, basi. Nilipotoa uso, ilibaki alama ya kipaji na pua yangu, mafuta na vumbi. Infirmiye mumoja akapita: "We kijana, pangusa." Nikapangusa na shati yangu. Ikawa mubaya zaidi. Nikatia mate. Ikawa mubaya sana. Nilisimama pale nikipangusa kioo moja wakati wenzangu walikuwa wanakula mihogo, na mupaka tunaondoka ilikuwa bado na mawingu ndani. Ule mama alipona. Alizaa tena watoto. Alikufa kisha na kitu ingine, na mimi sikuwa pale. Hiyo ni habari ingine.

Kama ungeniambia ile siku eti nitazeeka nikiosha vioo vya watu, ningecheka. Nililimaka maharagi. Maharagi ya Masisi, ile ya mulima, kama hujaikula siwezi kukuelezea. Lakini tulikimbia, tukarudi, tukakimbia, tukarudi, na kila mara shamba inakuwa na muntu mwingine ndani ao majani tupu. Muke wangu alikufa Kalembe, mu nyumba ya watu. Watoto: mumoja iko anauza chumvi na sabuni Hombo, pale kamio za mizigo zinasimamaka, ananipigia wakati rezo ya simu iko. Mwingine sijui. Naandika hivyo tu, sijui.

Njo nikafika Masisi santre na goti yangu, na mama mumoja mwenye alijenga nyumba ya wageni ku barabara akanipa kazi ya kulinda mulango muchana na kuosha vioo. Alikuwa na vioo mingi. Muntu mwenye alikulia mu mbao, akipata mali anajenga vioo. Alinipa chumba kidogo nyuma ya jikoni ya nje, mulango unaangalia mbele ya nyumba, vitanda viwili, na imbabura, lile jiko ya makaa. Kitanda ya pili ilikuwa tupu. Mimi nilikuwa naweka juu yake viatu, kisha bidoni ya maji, kisha nikaanza kuongea na ile bidoni. Sisemi hivyo kwa kuchekesha. Asubuhi nilikuwa naiuliza, "Umelala?" Muntu akikaa peke yake mingi, anaanza kujibu mwenyewe, na majibu yake haimupendezi.

Kisha akakuja ule mwenzangu.

Alitoka upande wa Walikale, mbali ya Kalembe, kule chini mu pori kwenye kuko joto. Alikuwaka mupasuaji wa mbao. Muti ilimuangukia bega ya kuume, na tangu ile siku ule mukono haukupanda tena juu ya kifua. Baridi ya Masisi ilikuwa inamukasirisha sawa deni. Alinunua ku soko koti ya wanamuke, ya rangi ya damu ya muzee, na vifungo vya dhahabu, na hakuivuaka hata kwa kula. Wapishi walikuwa wanamuita Mama Prezida. Yeye anajibu, "Leteni protokole, nipite."

Mama mwenye nyumba alimuchukua kwa sababu ya ngazi. Ngazi yetu ilikuwa ya miti, ndefu, na muguu yake moja ilikuwa mufupi kuliko ingine. Bila muntu wa kuishika, inatembea. Basi mimi napanda na ndoo na raklete, ule mupira wa kuvuta maji ku kioo, yeye anashika na mukono wa kushoto, anaikanyaga na muguu, na anaangalia juu. Ukiwa umekaribia kioo, huoni kitu. Unaona uso yako na mawingu. Yeye wa chini njo anaona. Alikuwa anaita, "Kuume. Juu kidogo. Hapana, ulipita. Pale ndege alipofanya choo." Na mimi, bila kujua kama nilikuwa nafanya hivyo, nilikuwa najibu: "Kuume." "Juu." "Choo ya ndege."

Miaka ilipita hivyo. Magaribi tunakula bugali na sombe, tunagombana ju ya imbabura iwekwe upande wa nani. Ananielezea pori. Namuelezea maharagi. Hata mumoja hakuuliza mwenzake habari za familia mara mbili. Kitanda ya pili ilikuwa na muntu. Sikuongeaka tena na bidoni.

Sasa tufike ku brosi.

Mama mwenye nyumba alijenga etaji ya tatu, gorofa juu ya gorofa. Kwa nini, Mungu peke yake anajua, ju ya wageni walikuwa wanapunguka kila wakati barabara inafungwa. Lakini alijenga, na vioo vikubwa vyenye havifunguki, vinaangalia barabara. Ngazi yetu haikufika pale. Hata ingefika, mimi nisingepanda, goti yangu ilikuwa imeshakataa etaji ya pili. Vioo vikakaa na uchafu: matope ya pikipiki, moshi ya jikoni, na wakati wa kupiga maharagi, ile vumbi ya maganda yenye inashikana na kioo sawa ngozi.

Mama akauliza Goma. Mufanyabiashara mumoja akamutumia muti ya kuoshea vioo. Ni muti ya aluminiumu, mirija ndani ya mirija, unavuta moja, unafunga, unavuta ingine, unafunga, mupaka inafika juu ukiwa umesimama chini na viatu yako. Na pamoja na muti, kartoni yenye brosi tatu za nywele, za kufunga ku ncha. Mama alipashwa kuchagua moja. Mbili zirudi Goma na ile ile kamio, kesho yake asubuhi, zikiwa safi.

Akatuita sisi wawili ku kivuli ya jikoni. Ule mama hakuwa mubaya. Ni muntu mwenye anasema kitu mara moja.

"Bapapa, musikilize. Sina tena nguvu ya kuweka watu wawili ku kazi ya muntu moja. Zamani ngazi ilikuwa inaomba wawili, sawa. Sasa mujaribu hizi brosi. Kama ile yenye inaosha muzuri inaomba watu wawili, mutabaki wawili. Kama inaomba moja, nitabaki na moja. Na chumba, na chakula, iko ya mwenye kazi. Siwadanganyi. Kioo njo itasema."

Hakusema nani. Haikuwa lazima. Ile muti, ukiivuta yote, inaomba mabega mawili mazima.

Mwenzangu akafunga kifungo cha juu cha koti. Akasema, "Mama Prezida amesikia." Mupishi akacheka. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa naangalia ile kartoni sawa muntu anaangalia mulango ya hospitali.

Tulipewa vioo vitatu vya etaji ya tatu, brosi moja kioo moja, jua ikiwa nyuma ya nyumba.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nywele za plastiki, fupi, nguvu. Ukiigusa na kiganja inachoma. Mimi niliwaza, hii itatoa matope vizuri, matope inaogopa nguvu. Bure. Ku kioo nywele nguvu hazishikani. Zinateleza juu ya uchafu sawa pikipiki bila meno ya mupira. Sauti yake ilikuwa ya jembe ku jiwe. Mwenzangu alisimama kule ku barabara, mukono mumoja ku paji ya uso, akaita, "Iko inacheza tu, haioshi. Kila pahali ulipita iko na mistari." Nikaishusha. Hata mama akatikisa kichwa.

Ya pili ilikuwa pana, ya mbao, na nywele za kweli. Za nguruwe. Mupishi akaikamata, akainusa, akauliza kama nyama yake ilibaki Goma. Lakini ile brosi ilikuwa muzuri, nawaambia. Unaichovya mu basini, inakunywa maji sawa ng'ombe ametoka mbali. Unaipandisha, unaisukuma ku kioo, maji inatoka polepole, matope inalainika, inashuka yenyewe. Nywele za munyama inainama na kioo, haitelezi. Ubaya wake ni moja: ikilowana inakuwa nzito, na kila wakati unapashwa kuishusha, kuikamua, kuichovya tena. Muntu wa muti hawezi kuacha muti. Basi mwingine njo anashika brosi ikifika chini, anaikamua, anabadilisha maji, anasema, "Pandisha." Na mukono mumoja unatosha kwa hiyo kazi. Mwenzangu alikuwa anaikamua katikati ya magoti yake, koti imelowa, na anaita, "Pandisha, kaka. Pandisha nguruwe mbinguni."

Kioo ikatoka safi. Ku kona za fremu ilibaki kidogo weusi, ju ya nywele zikilowana zinashikana pamoja, hazifiki ku kona. Lakini nani anaangaliaka kona? Ndani ya roho yangu nikasema, hii njo brosi yetu.

Ya tatu ilikuwa ndogo, nyepesi, hata ungeweza kuisahau mu mukono. Nywele zake nyeupe, na kila moja imepasuka ncha, sawa kijiti yenye muntu ametafuna kwa kusugua meno. Katikati yake tundu mbili ndogo za kutoa maji. Unaunga tuyo, ule mupira wa maji, tuyo inapanda pamoja na muti, maji inatokea kule kule ku kioo. Na sisi sitene yetu, tangi ya maji, iko juu ya kilima, nyuma ya depo, inapokea maji ya mvua ya mabati, kwa hiyo maji inashuka na nguvu yake yenyewe. Hakuna kuchovya. Hakuna kukamua. Muntu anasimama, anasukuma, anavuta. Muntu moja.

Mwenzangu aliiangalia mingi. Akaizungusha. Akapitisha zile ncha ku shavu yake. 

Sasa kwetu, kitu chenye hakikutoa povu hakijaoshwa. Kimepita tu ku maji. Muke akifua nguo bila povu, jirani atamuuliza kama iko na shida mu nyumba. Kwa hiyo hata muntu moja hakuuliza kama hii brosi inaomba sabuni. Mama mwenyewe alileta sabuni ya unga, mwenzangu akaikoroga mu kikombe, mimi nikaipakaa mu nywele za brosi mupaka zikajaa. Nikapandisha, nikafungua maji, povu ikashuka ku ukuta sawa mawingu ya Masisi asubuhi. Tulifurahi kuiangalia. Kisha ikakauka.

Ikatoka mistari nyeupe toka juu mupaka chini. Kioo nzima sawa uso ya mutoto mwenye alilia akalala. Mama akasimama ku barabara, mikono ku kiuno.

"Hii ya tatu haifai."

"Haifai," nikasema mbio.

"Basi ya nguruwe. Kesho ile mbili zinarudi." Akaenda zake jikoni.

Ile magaribi nilikula mingi. Niliweka imbabura upande wa kitanda yake, bila kugombana, akanishangaa. "Kaka, uko mugonjwa?" Nikamwambia, "Furahi, weye. Nguruwe imetuokoa." Nikaongea mingi. Nikamuelezea tena namna ya kuchagua mbegu ya maharagi, kitu alichojua zamani. Yeye alikuwa anaangalia nje, mulango wazi, jua ikiwa bado ku vioo vya juu. Kutoka pale alipokaa ku kitanda, vile vioo vitatu vilionekana vyote. Mimi nilikuwa nimegeuzia mugongo.

"Kaka," akasema.

"Sema."

"Ile ya tatu. Angalia chini, kona ya kushoto."

Sikugeuka. "Naona nini?"

"Huoni kitu. Njo hiyo. Pale kioo haionekani. Utafikiri iko tundu."

"Iko kona tu."

"Pale sabuni ilikuwa imeisha mu nywele. Ulimaliza na maji tupu. Maji tupu njo iliosha vizuri, kaka. Yenye iko nyeupe haiko uchafu. Iko sabuni yetu."

Nikageuka basi. Na ilikuwa kweli. Ile kona, ukubwa wa sahani, ilikuwa wazi kabisa, unaona pazia ya ndani na mikunjo yake. Ile ingine yote nyeupe. Na kioo ya nguruwe, mu ile jua ya pembeni, ilikuwa na ukungu kidogo wenye muchana hatukuuona, na kona zake zote nne nyeusi.

"Nyamaza," nikamuambia.

"Nanyamaza nini?"

"Hiyo kona. Mama hakuiona. Wageni hawataiona. Kesho kamio inaenda. Weye ulale."

Akavuta koti ku magoti. "Kazi yangu hapa ni gani, kaka?"

"Kushika ngazi."

"Ngazi ilioza, tuliipasua kuni juma lililopita. Kazi yangu ni kukuambia yenye naona."

"Basi uniambie mie. Umeshaniambia. Inatosha."

"Weye hukuulizwa. Mama njo aliuliza."

Nilimukasirikia. Nilimuambia maneno, eti kiburi ya watu wa pori, eti bega ilivunjika na kichwa pia. Nilimuuliza ataenda wapi. Akasema iko na dada yake kule Walikale, ao alikuwaka naye. Nikasema dada gani, miaka yote hukuongea dada. Akasema, "Hukuniuliza." Kisha akalala, ao akafanya kama amelala. Mimi nilibaki kuangalia imbabura. Ilikuwa upande wake na sikuirudisha.

Asubuhi kamio ilikuwa imeshasimama ku mulango, shofere anakunywa chayi. Mwenzangu alienda kwa mama mbele yangu. Nilimuona kutoka ku sitene, koti yake ya damu ya muzee, anaonyesha juu na mukono wa kushoto. Mama anaangalia. Mama akanyosha shingo. Kisha wakaniita.

"Papa, leta ile ya tatu. Osha kile kioo tena. Bila sabuni."

Niliisuuza ile brosi mupaka maji inatoka bila povu. Niliivuta muti, nikaifunga. Ile siku niliielewa, hata kama sikutaka. Zile ncha zilizopasuka zinaingia kila pahali. Zinaingia ku kona, zinaingia ku mupira wa fremu, zinatoa ile vumbi ya maganda bila kukwaruza. Na mukono hauchoki. Kisha unatoa brosi kidogo ku kioo, unaacha maji ya mvua ishuke peke yake toka juu mupaka chini, na unaenda. Hupangusi. Muntu mwenye alipangusa vioo maisha yake yote, kuondoka bila kupangusa ni sawa kuacha mulango wazi.

Ikakauka. Hakukuwa kioo. Kulikuwa chumba, na kitanda yake, na pazia.

Mama hakufurahi, nawaapia. Alisimama pale akikamata mukono yake na ingine. "Hii," akasema. Akaambia shofere achukue kartoni na zile mbili. Nguruwe ikarudi Goma, ingali imelowa.

"Mama," nikasema, "mwenzangu abaki. Hii muti inaomba muntu wa kuona. Mimi chini ya ukuta sioni kitu, maji inaniingia macho. Chakula yangu tutagawana."

"Papa, jana nilisema."

"Chumba iko na vitanda viwili."

Akaangalia chini. "Alale mupaka atakapopata pahali," akasema. "Simufukuzi muntu."

Mwenzangu alikuwa amesikia yote, alikuwa pale pale. Akaniuliza, taratibu, sawa muntu anauliza habari ya mvua, "Nibaki nikushikie nini, kaka? Upepo?"

"Ubaki tu."

"Nibaki tu." Alirudia vile tulivyorudiaka. Kisha akaonyesha juu na kidevu. "Vioo bado viko. Maliza kazi, jua itakuchoma."

Basi nikaanza kuosha vingine vya etaji ya tatu, ju ya mama alitaka vyote siku hiyo, na yeye akaenda kusimama pahali pake ku barabara. Akaanza kuita kama siku zote. "Kushoto." "Kushoto." "Juu, ku kona." "Ku kona." "Pale ndege alifanya choo." "Choo ya ndege." Pikipiki zinapita, mama wa mboga wanapita na vitunguu ku kichwa, wanamusalimia Mama Prezida, naye anainamisha kichwa. Mimi ndani ya roho nikaanza kuwaza, ataona ni vizuri. Mama ataona tunavyofanya, atabadilika. Kesho itapita, kesho kutwa itapita. Niliwaza mingi. Tulifika kioo ya mwisho.

Muti ilikuwa imevutwa yote. Watu hawajui: muti ikiwa ndefu hivyo, na maji ndani ya tuyo, huwezi kuiachilia. Ukiiacha inaanguka ku kioo ao ku muntu. Unapashwa kuikusanya murija kwa murija, unafungua, unateremusha, unafunga, unafungua tena.

Nikauliza, "Juu kuume, namna gani?"

"Juu kuume iko safi," akasema.

"Na chini?"

Maji inanishukia ku uso. Nikangojea.

"Na chini, kaka?"

Hakukuwa sauti. Niligeuza kichwa, muti mu mikono. Alikuwa ameshapita geti ya kanisa, ku njia yenye inaenda Kalembe. Hakuwa na mufuko. Koti tu, na mukono wa kushoto unatembea, wa kuume umelala ku kifua vile ulivyolalaka. Hakukimbia, hakuchelewa. Ni vile muntu anaenda kununua tumbaku.

Nikaita. Kwa makelele ya pikipiki, sijui kama alisikia. Nikafungua murija ya kwanza, nikateremusha. Nikafungua ingine. Vidole yangu vilikuwa baridi, kifungio ikakataa, nikaivuta na meno. Nilipoinua uso alikuwa anafika ku miti ya kaliptusi, kule njia inapinda. Bado murija moja. Niliiteremusha, nikalaza muti chini vizuri, brosi juu ya kitambaa ili nywele zisiguse udongo, nikatoka ku barabara na goti yangu.

Njia ilikuwa na watu wengi wa soko. Nilisimama pale alipokuwa anasimamaka. Nikaangalia kaliptusi, kisha nikaangalia juu, kile kioo cha mwisho. Chini, upande wa kushoto, ilibaki alama ndogo ya matope. Hakurudi.